Daraja la Jini Dahmashi na Machela ya Waziri

"Dinari hamsini," alisema Tamima binti Sudi, na Waziri Ghusubi akamjibu kutoka ndani ya machela yake kwamba hatoi hata moja, na machela yenyewe, yenye mapazia ya hariri na wachukuzi wanane, ilikuwa imetuliwa chini katikati ya daraja, mahali ambapo Sultani Nuruaini bin Shahbali, mtawala wa mji wa Rihani, alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kusimama, awe tajiri au fukara, awe na mzigo au mikono mitupu.

"Nimesimama kidogo tu," alisema Waziri, "nimalize halwa yangu."

Sasa wewe usiyeijua Rihani utashangaa kuona mlinzi wa daraja anagombana na waziri kwa sababu ya sahani ya halwa, basi sikiliza. Mji ule ulikuwa umepasuliwa na korongo lisilo na mwisho kwa chini, upande mmoja kasri na majumba, upande wa pili visima na mashamba, na kila daraja la mti lililojengwa lilichukuliwa na upepo. Ndipo babu yake Sultani alipomtia nguvuni kwa pete jini mmoja jabari aitwaye Dahmashi, akamlaza kifudifudi juu ya korongo, mikono huku na miguu kule, na mgongoni akamtandika mawe, na watu wakapita.

Lakini watu wa Rihani walikuwa na adabu iliyopita kiasi, na hakuna aliyekutana na mwenziwe akampita bila kumuuliza hali yake, na ya mama yake, na ya watoto, na ya yule mbuzi aliyekuwa mgonjwa. Na kwa kuwa upepo mzuri ulikuwa darajani, maamkizi yote yakahamia darajani. Punda wakafungwa pale na ngamia wakapigishwa magoti, na wauza kahawa wakaweka majiko, na wabeba maji wakangoja nyuma hata maji yakapata moto mitungini. Kila aliyeambiwa asogee alisema amesimama kidogo tu.

Tamima naye alikuwa muuza kahawa, mjane mwenye ulimi mkali, asiyepunja mtu wala kukubali kupunjwa. Siku moja aliweka jiko lake juu ya mawe yale yale, akasikia sauti nzito na nyonge ikitoka chini.

"Bibi, anayepita ananikuna mgongo, na hiyo ndiyo raha yangu. Anayesimama ananichoma. Hapo ulipoweka jiko pana kidonda."

Tamima aliinua jiko lile kwa mikono mitupu, wala hakungoja lipoe, akaenda moja kwa moja mbele ya Sultani na kumweleza bila kupamba neno. Na Sultani, kwa kuwa alikuwa muungwana, aliona haya kwa niaba ya babu yake, akatoa amri kwamba daraja ni la kupita, na salamu zitolewe watu wakitembea, na wanyama wafungwe katika viwanja viwili vilivyotengwa, kimoja kila upande. Na atakayesimama atatozwa kwa kadiri ya mzigo wake, na fedha yote itanunua mafuta ya ufuta ya kumpaka jini. Akamfanya Tamima mlinzi wa daraja.

Tangu siku hiyo maji yalifika majumbani yangali baridi, na kila jioni Tamima alimimina mafuta katikati ya mawe na kuyasugua kwa kiganja, na Dahmashi akimshukuru kwa sauti ya kusinzia. Kidonda kilikuwa kinaanza kufunga. Na hapo hasa, juu ya kidonda, ndipo Waziri Ghusubi alipoitua machela yake.

"Mwanamke," alisema Waziri, huku akilamba kidole, "amri hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu. Iliandikwa kwa ajili ya punda."

"Punda wamekwisha ondoka, Bwana Waziri. Umebaki wewe."

Wachukuzi waliangalia chini wasionekane wakicheka. Lakini nyuma yao mambo yalikuwa yameharibika, kwani wabeba maji walikwama, na ngamia wa chumvi wakakwama nyuma ya wabeba maji, na nyuma ya ngamia ilikwama arusi ya Shamsa, binti Sultani, pamoja na ngoma zake na shangazi zake wote, na umati ule mzima ukasimama juu ya mgongo mmoja. Mawe yakaanza kuachana. Ngoma zikanyamaza.

"Tamima," ilisema sauti ya chini, na safari hii kila mtu aliisikia, "nimestahimili kwa ajili yako. Siwezi tena. Nitageuka ubavu."

Waziri alisema kwamba atakayeigusa machela kabla hajamaliza kula atachapwa viboko. Kiongozi wa wachukuzi, mtu mpana aitwaye Mubini, alimtazama bwana wake, akamtazama bibi arusi aliyekuwa ameshika mkono wa shangazi yake, kisha akawaambia wenzake neno moja tu, "Bega," na machela ikainuka na kwenda mbio, na halwa ikammwagikia Waziri ndevuni. Tamima akarudi nyuma kati ya watu, akiwahimiza wapite, wapite, mbuzi wa mtu ataulizwa hali ng'ambo. Akamwambia mpiga ngoma apige ya kutembea. Na nyayo zote zile zilipopita juu ya mgongo wa Dahmashi, jini alishusha pumzi kama mtu aliyekunwa mahali ambapo mkono wake haufiki, na mawe yakarudi yakakaa.

Sultani aliyaona hayo yote kutoka ng'ambo. Alimkumbatia binti yake, na machozi yakamtoka mbele ya watu wala hakuyaficha.

"Ewe binti Sudi," alisema, "umenirudishia mwanangu na raia wangu. Nyumba nimekupa na mavazi nimekupa, na hayo ni machache. Omba jambo ambalo moyo wako unalitaka."

"Nakushukuru, Maulana. Naomba pete ya babu yako."

Sultani alisita, maana jini aliyefunguliwa huruka, na mji ungebaki vipande viwili. Kisha akaivua, na Tamima akaitupa korongoni. Dahmashi alijinyoosha polepole.

"Nililazwa hapa kwa nguvu," alisema, "na bibi huyu akanipaka mafuta kwa mkono wake. Nashukuru. Nitalala hapa hapa kwa hiari yangu, maadamu mnapita."

Asubuhi yake Tamima aliamka akakuta dele lake la kahawa limejaa yakuti hadi mdomoni. Na Mubini, aliyekuwa amefukuzwa kazi, alikuja kumposa na kusema waziwazi kwamba hana mali ila mabega, na Tamima akamjibu kwamba ameshayaona yakifanya kazi, na wakaoana, na arusi yao ikavuka daraja kwa vifijo bila kusimama. Nawe uliyesikia, shika hili: njia ni ya wote wanaopita, na kidogo chako wewe ni mzigo mgongoni mwa mwingine.

Siku ya karamu ya arusi yao Waziri Ghusubi alikuja, ndevu safi, na sinia la zawadi. Alitoa shukrani ndefu na za kweli, kwamba yeye ndiye angetangulia kwenda chini, na kwamba kwa Mubini na kwa Bibi Tamima anadaiwa uhai wake. Tamima alimsikiliza mpaka mwisho, akampokea sinia, akamshukuru kwa moyo mweupe, na akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Waziri alipokwisha kunywa, Tamima alipokea kikombe, akakunjua kiganja.

"Dinari hamsini, Bwana Waziri."