Bakuli la Uji Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Wewe unayechokoachokoa moto, acha, moshi wote unanijia mimi. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wangali wakisema na watu, palikuwa na mfinyanzi aitwaye Bi Mashavu. Mikono yake ilikuwa hodari, ulimi wake hodari zaidi, lakini kichwa chake, loo! Kilivuja kama tenga.

Bi Mashavu alikuwa na binti mmoja tu, Sikudhani, aliyechumbiwa ng'ambo ya kijito. Na kwa watu wa huko, bibi arusi hakutoka kwao bila mtungi uliofinyangwa na mama yake. Kama mtungi hakuna, arusi hakuna, mpaka masika yaje na kwisha.

Sasa mtungi mkubwa haufinyangwi kwa siku moja. Leo kitako, kesho tumbo, keshokutwa shingo. Na kila asubuhi, kabla jua halijapanda, sharti ufunikwe kwa tambara bichi, la sivyo hupasuka. Kazi ndogo hiyo, na Bi Mashavu akaisahau. Alitoka nje, akamkuta jirani, akasema, akacheka, akasema, akacheka, jua likapanda. Pa! Mtungi ukapasuka.

Sikudhani akalia. "Mama, hutaki niolewe?"

"Nataka, mwanangu! Nimesahau tu."

Akafinyanga wa pili. Kasuku akamwambia, "Bi Mashavu, usihangaike, mimi nitakukumbusha." Kulipokucha akapiga kelele, "Funika mtungi! Funika mtungi! Funika mtungi!" Mwanzoni Bi Mashavu alikurupuka. Baadaye akazoea, akawa anajibu, "Nimesikia, bwana," huku anaendelea na umbea wake. Kisha mapera yakaiva bondeni, Kasuku akaenda zake. Pa!

Akafinyanga wa tatu. Kobe akamwambia, "Funga fundo kwenye pindo la kanga yako. Ukiliona, utakumbuka." Shauri hilo Bi Mashavu alilipenda mno! Akafunga fundo la mtungi, fundo la chumvi, fundo la kuku anayeatamia, fundo la kumpa pole shangazi. Asubuhi akalishika moja. "Hili la nini vile? Aa, la chumvi!" Akaenda kuomba chumvi kwa jirani, na mnajua chumvi ya jirani haiombwi kimyakimya. Pa!

Mawingu yakaanza kujikusanya milimani. Udongo uliobaki ulitosha mtungi mmoja tu. Safari hii Sikudhani hakulia, alizikunja kanga zake za arusi akazirudisha kapuni, na jambo hilo likamchoma mama yake moyoni. Bi Mashavu akafinyanga huku machozi yanadondokea udongo.

Juu ya mlango, Nyigu alikuwa akijenga nyumba yake ya udongo, tonge kwa tonge. Akasema, "Mfinyanzi mwenzangu, unalia nini?"

"Nasahau, Nyigu! Nasahau, nasahau, nasahau!"

"Na kitu gani hujawahi kukisahau?"

Bi Mashavu akafikiri, kisha akaona haya. "Uji wangu wa asubuhi."

"Basi. Mimi hujenga mlangoni, nikitoka naiona kazi yangu, nikirudi naiona. Lile tambara usiliache uani. Bakuli lako la uji liweke hapa mlangoni, na tambara ulitie ndani yake."

"Ndani ya bakuli langu?"

"Ndani yake hasa! Tuone utakunywaje."

Asubuhi Bi Mashavu akaliendea bakuli, akakuta tambara. Akanuna! Lakini akalitoa, na kwa kuwa lilikuwa mkononi na mtungi u mbele yake, akaufunika. Ndipo akanywa uji. Siku ya pili akanuna kidogo, siku ya tatu akacheka. Jirani alipomwita, "Mashavu we, njoo nikwambie!" alijibu, "Ngoja, bado sijanywa uji!"

Mtungi ukakauka taratibu, ukachomwa. Mama mkwe wa Sikudhani akaja, akaugonga: ngooo! Haukuwa na ufa hata kidogo. Mvua ya kwanza ikawakuta watu wakicheza arusini, wakaendelea kucheza matopeni.

Kesho yake Bi Mashavu akaamka, akaenda mlangoni. Tambara lilikuwapo, limekauka. Bakuli halikuwapo. Hana mtungi wa kufunika, hana wa kumwita mama. Akakaa kizingitini, tumbo linanguruma, moyo unamuuma.

"Hodi, mama!"

Alikuwa Sikudhani, miguu imelowa maji ya kijito, mikononi ana bakuli lililojaa uji wa moto.

"Bakuli langu! Umeniibia?"

"Nimeliazima, mama. Kila siku nitakuletea uji, kisha nitarudi nalo. Nimelitafutia mahali mlangoni kwangu, nikitoka nilione, nikirudi nilione. Nisije nikakusahau."

Bi Mashavu akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Akampisha binti yake kizingitini, wakanywa pamoja.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye bakuli. Uji uliobaki ni wenu, tambara mpelekeeni Nyigu.