Somo la Bei ya Kikombe cha Chai

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana simu zilikuwa zimeshafika vijijini, kulikuwa na mtu wa Sikonge akiitwa Kashindye. Kazi yake ilikuwa kutoa nyoka majumbani mwa watu. Mkewe, Nyamizi, alimfuata na simu, akamrekodi, akaweka video mtandaoni. Watu wakatazama. Wakasifu, wakatetemeka, wakaenda zao. Maelfu walitazama, na jikoni kwa Kashindye hata chumvi ikakosekana.

Nyamizi akamwambia mumewe, "Baba Shija, hawa watu wanakupenda, lakini sifa hatuwezi kuzipika. Tuwauzie somo."

"Nani atanunua?"

"Bei ikiwa kubwa, hakuna. Tuanze na somo fupi, bei ya kikombe cha chai. Akishatuamini kwa kidogo, atarudi kununua kikubwa."

Kashindye akaingiwa na hofu. Yeye alizoea kumwona nyoka kwa macho. Hao wanunuzi hakuwaona. "Mtu akijua nusu ya kazi hii, atakufa."

"Na wasiojua chochote? Hao hawafi kila masika?"

Wakaligawa somo. La bei ndogo lilifundisha namna ya kumtoa nyoka ndani bila kumpiga. La bei kubwa lilifundisha namna ya kujikinga wewe mwenyewe. Kashindye hakuupenda mgawanyo ule, lakini akakubali.

Watu wakanunua. Mmoja wao alikuwa Milembe, mshona nguo wa kijiji cha mbali. Alikuwa mwoga wa nyoka hata kamba iliyolala njiani aliizunguka, na uoga huo ndio uliomfanya anunue. Somo la kwanza alilitazama mpaka akalijua. La pili bei ilimshinda, akaliacha.

Mchana mmoja, watu wakiwa mashambani, jirani yake Ndilana alikuja mbio mlangoni pake.

"Dada, kuna swila kitandani. Mwanangu amelala."

Milembe aliogopa kuliko siku zote. Akaenda hivyo hivyo.

Swila alikuwa amejikunja ubavuni mwa mtoto. Mtoto akajigeuza usingizini, na kichwa cha nyoka kikainuka. Ndilana akataka kurukia kitanda, Milembe akamshika mkono.

"Usisogee, dada. Usipige kelele. Akiogopa, anatafuta giza."

Akafungua dirisha taratibu, chumba kijae mwanga. Akalaza mtungi sakafuni, mdomo ukielekea kitanda, akaufunika kanga, akaacha upenyo tu. Kisha wakasimama. Mtoto akakohoa. Ndilana akajiuma kidole hata damu ikatoka. Swila akaanza kuteremka, polepole, akapita juu ya mguu wa mtoto, akaingia mtungini.

Milembe akainama kuuziba kwa mfuniko. Hapo swila akageuka, akatema. Sumu ikamjaa machoni. Alikuwa haoni tena, lakini mikono yake ilibaki imekandamiza mfuniko, mpaka aliposikia Ndilana amemnyakua mtoto na kutoka nje.

Mtoto akawa salama. Milembe alitibiwa, jicho moja likapona, la pili likapofuka.

Ndilana alikuwa na ng'ombe mtamba mmoja, ndiyo mali yake yote. Akatangaza kuwa atampa aliyemwokolea mwana. Habari zikafika Sikonge, Kashindye na mkewe wakaja nao kumdai, wakaketi naye na Milembe.

Kashindye akasema, "Ujuzi ule ni wangu. Nimeumwa na nyoka nikiutafuta. Bila huo mngemkimbilia na fimbo, na mtoto angeumwa."

Nyamizi akasema, "Ujuzi wako ulitazamwa na maelfu, haukumkaa mtu kichwani. Mimi ndiye niliyeufikisha kwa mshona nguo, kwa bei anayoiweza. Mwulizeni kama angenunua lile kubwa."

"Nisingenunua," Milembe akasema. "Lakini mlijua swila anatema. Mkaniuzia njia ya kumsogelea, njia ya kujikinga mkaiweka kando ili nirudi na hela nyingine. Mimi ndiye niliyesimama mle ndani."



"Dada yangu," Nyamizi akasema, "tungeyauza masomo yote mawili kwa bei ya chai, tusingekula. Tungeyauza yote kwa bei kubwa, wewe usingenunua, na leo tungekuwa msibani hapa."

Ndilana akasimama, mtoto mgongoni, kamba ya mtamba mkononi. Akamtazama huyu, akamtazama huyu, akamtazama na yule. Akaunyosha mkono, kisha akaurudisha, maana simu ya Nyamizi ililia, na Nyamizi akausoma ujumbe kwa sauti: mtu mwingine, mahali wasipopajua, amenunua lile somo fupi.

Ninyi mnaonisikiliza, kama kamba ile ingekuwa mikononi mwenu, mngemkabidhi nani?