Tenga Alilolibeba Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo Tembo alikuwa na nyumba yenye uzio na Fisi akivaa kanzu akienda kutembelea watu, Bi Tembo alifuga sungura wawili. Msicheke. Wanyama nao walikuwa na mifugo yao.

Wa kwanza alikuwa Mwanamkuu, jike mweupe mwenye sikio moja lililolala. Nyumba ile aliiona yake. Kila asubuhi alisugua kidevu chake kwenye mtungi, kwenye kizingiti, kwenye mguu wa kitanda. Kidevu cha sungura kina harufu, na harufu hiyo ndiyo hati yake ya nyumba.

Kisha Bi Tembo akamleta Shebe, dume la kijivu, ili Mwanamkuu apate mwenziwe. Shebe akaingia, akauona mtungi, naye akausugua kidevu.

Loh! Mwanamkuu alipiga mguu chini, du! du! du!, akamrukia. Manyoya yakatapakaa chumba kizima.

Basi yakawa ndiyo maisha yao. Huyu akila, yule anamng'ata mkia. Huyu akilala pembeni, yule anaikojolea pembe hiyo. Bi Tembo akiwatenganisha kwa jamvi, wanalitoboa jamvi ili wapate kupigana. Akiwakaripia kwa sauti ya kutikisa makuti ya paa, wananyamaza kidogo, kisha wanaanza upya.

Jirani yao Fisi akalisikia zogo hilo, mate yakamjaa. Akavaa kanzu, akaja.

"Hodi, dada. Pole na makelele."

"Nimeshapoa, ndugu yangu, lakini hayaishi."

"Na hayataisha. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nipe mmoja nikulelee. Kwangu nafasi ipo tele."

Bi Tembo alikuwa mkubwa wa mwili, mwepesi wa kuamini. "Wakipigana tena leo," akasema, "jioni utaondoka na aliyeanza."

Mwanamkuu aliyasikia hayo akiwa chini ya kitanda. Aliyeanza siku zote alikuwa yeye, na alijijua. Alijua pia kwamba wote waliowahi kulelewa na Fisi hawakuonekana tena. Akaapa kwamba leo hatang'ata. Lakini Shebe alipopita karibu, harufu yake ikampanda puani, na meno yakaanza kumwasha. Maskini, akawa anayaogopa meno yake mwenyewe.

Sasa, kwenye mawe ya uzio ule aliishi Pimbi. Mfupi, mnene, hafiki hata kwenye kifundo cha mguu wa Tembo, lakini akidai kwamba yeye na Bi Tembo ni ndugu wa damu. Watu walikuwa wakimcheka mpaka wanashika mbavu. Siku ile alitoa kichwa kati ya mawe mawili.

"Mjomba Fisi, ya nini kungoja jioni? Watiwe kwenye tenga moja, wewe uwabebe mgongoni hadi ng'ambo ya kilima na kurudi. Wakirudi wanapigana, chagua umtakaye. Wakirudi wamepatana, uende zako mikono mitupu."

"Tenga moja? Hawa?" Fisi akacheka, hii-hii-hiii! "Hata mtaroni hatufiki, watakuwa wameshang'oana macho."

"Ila dada yangu atafuata nyuma, asije mtu akapotea njia."

"Afuate tu."

Bi Tembo alikuwa amechoka, akakubali. Sungura wakatiwa, Mwanamkuu upande huu, Shebe upande ule. Kifuniko kikafungwa kamba.

Fisi akawaza: nikiwatikisa, hasira zitawapanda. Basi, Bi Tembo akiwa mbali nyuma kwa uzito wake, asione kitu, palipo na daraja Fisi aliruka mtaro. Palipo na njia nzuri, yeye alipita kwenye mawe. Na ule mwendo wake wa kuchechemea, mnaujua. Kutu-kutu, chaka-chaka, pwaa!

Ndani ya tenga Mwanamkuu aliona, kupitia matundu, shingo ya Fisi na manyoya yake machafu. Ilinuka mifupa ya zamani. Tenga likainama, akateleza, akateleza tena, mpaka akagonga kitu laini. Ni Shebe. Akatoa meno. Pwaa! Tenga likaruka, na alipozinduka uso wake ulikuwa umezama kwenye manyoya ya mwenziwe.

Akausikia moyo wa Shebe. Tu-tu-tu-tu, mbio, sawasawa na wake yeye. Mwanamkuu akastaajabu hata akasahau kuogopa. Siku zote alimdhani huyu mgeni ni jeuri asiyejua hofu, amekuja kumnyang'anya tu.

"Mbona kimya huko?" Fisi akafoka, akazidi kutikisa. "Ng'ataneni basi!"

Kadiri alivyotikisa, ndivyo walivyozidi kushikamana.

Waliporudi, nyumba ilikuwa imeloa maji. Pimbi alikuwa ameisugua yote kwa majivu, mtungi, kizingiti na miguu ya kitanda. Mwanamkuu akanusa. Nyumba haikunuka yeye, wala haikunuka Shebe. Ilikuwa nyumba ya ugenini, na humo kiumbe pekee aliyemjua alikuwa huyu aliyemkumbatia.

Kifuniko kikafunguliwa. Fisi akainama, udenda unamdondoka kwenye kanzu. Hata masikio ya Bi Tembo yaliacha kupepea.

Shebe akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa chini, akafumba macho, akangoja. Sikio lake lilikuwa pale pale, mbele ya meno ya Mwanamkuu.

Mwanamkuu akamlamba paji la uso. Akamlamba tena.

Wanangu, Bi Tembo aliweza kung'oa mti pamoja na mizizi yake, lakini hakuwahi kuona jambo kubwa kama lile. Alisimama mdomo wazi, machozi yakimtiririka kwenye mkonga. Nami nikifika hapa mwili hunisisimka, ingawa nimeisimulia mara nyingi.

"Si haki!" Fisi akalia. "Nimepita kwenye mawe yote! Nimewatikisa mpaka kiuno kinaniuma!"

"Umewatikisa?" Bi Tembo akageuka taratibu.

"Na ahsante sana, mjomba," Pimbi akasema, akijifuta majivu puani. "Walihitaji kitu cha kuogopa pamoja. Mimi nani aniogope?"

Fisi akauona mkonga unapanda juu. Akapandisha kanzu magotini, akatoka mbio, na tangu hapo hata salamu huzitolea mbali.

Wale wawili waliendelea kununiana siku moja moja kwa ajili ya matembele, lakini damu haikumwagika tena. Mtungi waliusugua wote, Mwanamkuu kwanza, Shebe akifuata. Na siku hizi Bi Tembo akiulizwa Pimbi ni nani kwake, hujibu, "Ni ndugu yangu wa damu," na hakuna anayecheka.

Hadithi yangu nimeitua hapa, na neno lake ni hili: nguvu za mlafi humbebea mwerevu mzigo.