Nani Anakula Kasi ya Fisi?

Paukwa!
Pakawa!
Nasema tena, paukwa!
Pakawa!
Alikuwako mwenye meno!
Na mwenye mkia!
Nani mwizi?
Si mimi!

Mmejibu haraka mno. Haya, wekeni mikono mbele niione, ndipo nianze.

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulikuwapo, Fisi alikuwa na banda la gemu. Banda la bati, kiti kimoja, kompyuta moja. Ndani ya kompyuta mlikuwa na kadi ya picha, kile kipande kinachochora magari na barabara kwenye kioo. Fisi alipenda gemu ya magari kuliko nyama, na nyama mnajua alivyoipenda. Kwenye pembe ya kioo aliweka namba mbili zionekane muda wote: joto la kadi, na kasi yake.

Hizo namba ndizo zilizomtia wazimu.

Gari likiingia mjini penye taa na umati, kasi inapanda, elfu moja mia tisa. Fisi anacheka, hii hii hii! Mbio zikiisha, akirudi kuchagua gari jingine, kasi inashuka, mia tatu. Fisi ananuna. Jua likiwaka juu ya bati, joto linapanda, kasi inashuka katikati ya mbio, elfu moja mia nne. Magari yanaanza kukwama, kwa, kwa, kwa!

"Nani anakula kasi yangu?"

Akamkodolea macho Kima, mteja wake wa kila siku. Kima akasema, "Mimi nimeshika usukani tu, bwana." Fisi akachungulia chini ya kiti. Akachungulia nyuma ya mlango. Akajinusa na yeye mwenyewe, kwa sababu hakujiamini pia.

Kisha akaleta kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua alichofumiwa na dada yake, akaifunika kompyuta gubigubi. Kwao kitu cha thamani hufunikwa. Hata redio ya mama yao ilifunikwa.

Kasi ikashuka, elfu moja mia moja.

"Nani anakula kasi yangu?"

Akaleta kitambaa cha pili. Kasi ikashuka, mia tisa. Akaleta cha tatu. Kasi ikashuka, mia sita, na ndani kukawa fukuto kama chungu kilichofunikwa.

Sasa nyuma ya ile kompyuta, ukutani, pale hewa ya moto inapotokea, aliishi Bi Mjusi na mayai yake mawili. Na mayai ya mjusi yakishashika ukutani hayabanduki, ukiyavuta yanapasuka. Mwanzoni alikuwa ameshukuru kwa lile vuguvugu. Sasa mayai yanaiva na watoto wamo ndani! Akatoka mbio.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Tangu lini uko nyuma ya mashine yangu?"

"Bwana, toa vitambaa. Hakuna mwizi. Kadi inajipimia yenyewe. Kazi ikiwa nyingi inakimbia. Kazi ikipungua inapumzika. Ikipata joto inapunguza mwendo isije ikaungua. Ndivyo ilivyoundwa."

Fisi akamtazama kwa jicho moja. "Inapumzika? Katika banda langu? Nani kairuhusu?"

"Inajiruhusu."

"Hakuna anayejiruhusu hapa! Wewe unamtetea mwizi. Kwa nini unamtetea?" Akachungulia nyuma ya kompyuta. Akaona mayai. Mate yakamtoka, chururu. "Ahaa! Yamenona kwa kasi yangu!"

Maskini Bi Mjusi! Ukweli alikuwa ameusema, mmeusikia nyote, na umemfikisha kwenye meno. Basi akapunguza sauti, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Bwana, umenibana. Mwizi namjua. Nikimfukuza, utaniachia mayai?"

"Nitakuachia. Usipomfukuza, nayala, na wewe nakutafuna mwisho."

"Mwizi ni mdogo, haonekani. Anapitia kwenye hivi vitobo vya kitambaa. Hebu fikiri, kwa nini aliyefuma aliacha vitobo vingi hivi?"

Fisi akavitazama vile vitobo. Akavihesabu, akachoka. "Dada yangu!" akanong'ona. "Kumbe naye yumo!"

Akavinyakua vitambaa vyote vitatu, akavitupa nje. Joto likashuka. Kasi ikapanda, elfu moja mia sita.

"Ameshtuka," akasema Bi Mjusi. "Lakini bado yumo. Anaogopa upepo."

Fisi akachukua kipepeo cha ukili, kile cha kuchochea mkaa, akasimama mbele ya kompyuta. Pepe, pepe, pepe! Gari la Kima lilikuwa mjini kwenye taa na umati. Kasi ikapanda, elfu moja mia tisa.

"Amekimbia! Hii hii hii! Kima, ondoka, zamu yangu."

Fisi akaweka kipepeo chini, akakaa, akafungua ukurasa wa kuchagua gari. Kasi, mia tatu.

"Karudi!"

Akaruka kutoka kitini. Pepe, pepe, pepe! Kima akakaa, akachagua gari, akaingia mbioni. Kasi, elfu moja mia tisa.

"Amekimbia!"

Akakaa tena. Mia tatu. "Karudi!" Pepe, pepe, pepe! Mwisho akaacha kukaa. Kima alicheza asubuhi, Kima alicheza mchana, na Fisi, mwenye banda, mwenye kiti, alipepea mpaka mabega yakavimba. Nyuma ya kompyuta ulivuma upepo wa uvuguvugu mwanana, si baridi, si moto.

Siku ya tisa mayai yakapasuka, ta! ta! Wakatoka mijusi wachanga wawili, wanene, wenye afya. Mmoja akachungulia.

"Mama, yule mkubwa anayehema ni nani?"

"Shh," akasema Bi Mjusi. "Yule ni yaya wenu. Msalimieni."

"Shikamoo, yaya!"

"Marahaba," akajibu Fisi bila kugeuka, maana macho yalikuwa kwenye namba. Pepe, pepe, pepe!

Ngano yangu imefika mlangoni, imevaa viatu, imekwenda zake. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu mpelekeeni Fisi.

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: semeni ukweli siku zote, maana uongo haujawahi kumsaidia mtu.

Nani anacheka huko nyuma?