Mlango wa Choo cha Soko

Soko la Kibaoni lilikuwa na choo kisicho na mlango, lakini maazimio lilikuwa nayo tele. Kila kikao mwenyekiti Kihwelo aliazimia mlango uwekwe, wajumbe wakapiga makofi, wakanywa soda, wakatawanyika. Akina mama wakaendelea kukingiana khanga.

Siku moja Nambua, muuza dagaa, alisimama kikaoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti, azimio ni tamu. Nani atalitekeleza?"

"Wewe!" Kihwelo akacheka. "Si una mdomo? Nakupa mamlaka yote."

"Na mlango nitautoa wapi?"

"Popote ndani ya soko hili. Mimi nataka matokeo, sitaki maswali!"

Makofi yakapigwa, yaleyale.

Kesho yake asubuhi Kihwelo alikuta choo kina mlango wa mninga, umepakwa rangi mbichi ya kijani.

"Mmeona?" akawatangazia watu. "Uongozi ni vitendo!"

Akaenda ofisini kwake kupumzika. Akarudi mbio.

"Nambua! Ofisi yangu iko wazi! Mlango wangu uko wapi?"

"Pole, mwenyekiti," Nambua akajibu, huku akipanga dagaa. "Kikao kijacho utaazimia uwekewe mwingine. Makofi tutapiga sisi."