Mafuta ya Nyonyo

“Walia giza, na mbarika u uani.” Mmeisikia leo shambani, mkaja mbio kuniuliza nani aliisema kwanza. Methali hii ilianza hivi, nami sikuhadithiwa. Nilikuwa na miaka sita, nikaona kwa macho yangu.

Mwaka ule mvua za vuli ziliporomosha mlima. Barabara ya kushukia bondeni ikafukiwa, na dukani kukaisha chumvi, mafuta ya taa na mishumaa. Ukungu nao ukatuama kutwa nzima. Mle kanisani hata kitabu hakikusomeka.

Majilio yalikuwa yamekaribia. Kila mwaka sisi watoto wa Shule ya Jumapili tulisuka shada la matawi mabichi, tukalipangia mishumaa minne, tukawasha mmoja zaidi kila Jumapili hadi Krismasi. Mwaka ule Mzee Sefania, mzee wa kanisa, akamwambia mwalimu wetu Nakijwa, “Waambie watoto safari hii hakuna.”

Tulipoambiwa, tulilia. Eliwaza, mdogo kuliko sote, akauliza, “Sasa Mtoto Yesu ataionaje njia kwenye ukungu huu?”

Bibi Namsifu, jirani wa kanisa, alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akautua, akamwinamia Eliwaza.

“Unalilia nini, mjukuu wangu?”

“Giza, Bibi. Mishumaa hakuna.”

Akacheka hadi akashika kiuno. “Walia giza, na mbarika u uani! Kabla ya duka kujengwa, unadhani sisi tuliwasha nini?”

Siku ile ile tulichuma nyonyo, mbegu zenye mafuta, kwenye mibarika iliyoota uani. Bibi alitukataza kuonja hata moja, maana ni sumu. Alizikaanga, akazitwanga, akazichemsha na kuengua mafuta. Sisi tukaokota makombe ya konokono migombani yawe taa, tukasokota tambi za pamba.

Jumapili ya kwanza Mzee Sefania akakunja uso. “Tuwashe konokono kanisani?”

“Tuwashe mwanga, Mzee,” Nakijwa akajibu.

Akawasha. Utambi ukatoa moshi, ukatatarika, ukazimika. Watu wakacheka chinichini. Mimi nilitaka kujificha chini ya benchi. Lakini Bibi Namsifu akasimama katikati ya ibada. “Mafuta yana maji bado. Nipeni.” Akaenda kwake kuyachemsha upya, na usharika mzima ukaimba ukimngoja. Aliporudi, Nakijwa akawasha tena. Mwali ukasimama wima, mweupe, bila moshi. Tukashangilia kwa sauti, na hakuna aliyetunyamazisha.

Jumapili ya nne kila mtoto alishika kombe lake, kanisa zima likang'aa. Ibada ilipokwisha, wanaume wakaanza tena kulalamika kwamba tingatinga tuliloahidiwa la kufukua barabara haliji. Mzee Sefania, aliyekuwa ameomba kombe lake mwenyewe, akawatazama.

“Jamani, hamjasikia Bibi aliwaambia nini watoto? Walia giza, na mbarika u uani. Majembe tunayo.”

Kesho yake kijiji kizima kiliteremka. Wanaume walifukua, wanawake wakabeba mawe, sisi tukazoa udongo kwa vikapu. Siku ya sita, mkesha wa Krismasi, lori la kwanza likapanda likipiga honi, vigelegele vikaupasua mlima.

Dereva akatoa kichwa dirishani. “Tingatinga lilifika lini?”

Tukamnyooshea mikono yetu iliyojaa matope, wakubwa kwa wadogo, tukamjibu kwa sauti moja: “Walia giza, na mbarika u uani!”