Sanda Ndefu ya Nchi Isiyo na Mgonjwa

Ukiletewa hadithi hii kwingine ikiwa fupi, ujue imenyofolewa minofu. Kamili yenyewe ni hii hapa, na atakayesema anaijua kuliko hivi, mwambie aape.

Palikuwa na mfalme, jina lake Mwinyimvua, mrefu kama mnazi. Ugonjwa wake uliojulikana ulikuwa mmoja: kutoamini. Akisifiwa, hugeuka nyuma kutazama anayesifiwa ni nani. Akiletewa samaki mmoja, huuliza wa pili kaliwa na nani.

Kila mwaka Waziri wake alituma watu nyumba kwa nyumba kutazama afya ya raia. Kila mwaka wakarudi na jibu lile lile.

"Nchi haijambo, Mfalme," Waziri akasema. "Mwaka jana watu hawajambo, mwaka huu hawajambo zaidi."

"Hakuna mgonjwa hata mmoja?"

"Tumegonga kila mlango. Hakuna."

Mfalme akachungulia dirishani. Ng'ambo ya uwanja ilisimama ghorofa mpya, mlango wa nakshi, kuta nyeupe mpaka zinaumiza macho. Ilikuwa nyumba ya Masudi Bafta, muuza sanda.

"Nchi haina mgonjwa," akasema polepole. "Basi hizo sanda zinavaliwa na nani?"

Waziri akakohoa, akasema huenda ni ajali.

"Ajali haijengi ghorofa, Waziri."

Tangu siku hiyo shaka ikamganda Mfalme kama kupe. Mtu asiyeumwa akifa, basi kauawa. Na anayenenepa kwa vifo ni nani? Ni Masudi, tena lazima katia sumu visimani. Mfalme akakataa maji ya kisima, akataka ya mvua tu, na kwa vile kiu haikumwisha, akawa anaagiza mtungi baada ya mtungi. Mguu wake wa kushoto alikuwa kaufunga kitambaa. Alisema ni kiatu kipya kilimchubua.

Akaamuru Masudi akamatwe, Ijumaa anyongwe mbele ya duka lake, na azikwe kwa bafta yake mwenyewe, ile nguo nyeupe anayoiuza sanda.

Ijumaa asubuhi baraza likajaa. Masudi akaletwa na mnyororo mguuni, anachechemea, askari walikuwa wamekwisha kumkaribisha kwa ngumi. Lakini Mfalme alilelewa akaleleka, na hata adui husalimiwa kwanza.

"Masudi, hujambo?"

"Sijambo, Mfalme. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za tangu juzi?"

"Nzuri tu, namshukuru Mungu."

Mfalme akafungua kinywa atoe hukumu. Akakifunga tena.

"Masudi, mdomo umekuvimba kama andazi. Una mnyororo. Adhuhuri unanyongwa. Huo uzuri uko wapi?"

"Mfalme, si umenisalimia? Salamu haijibiwi kwa kulia."

Watu wakacheka. Mfalme hakucheka. Akamgeukia Waziri.

"Watu wako wakigonga mlango, husemaje?"

"Husema: hamjambo humu ndani?"

"Wakijibiwa hatujambo?"

"Huenda nyumba ya pili, Mfalme. Nyumba ni nyingi."

Kicheko kikakatika. Lakini shaka ya Mfalme haikuwa shaka ya kufa kwa pigo moja. Akamrudia Masudi.

"Hata hivyo sijakutoa katika sumu. Sanda ya mwisho umemuuzia nani? Twende tukaone marehemu kafa kwa nini."

Masudi, ambaye mdomo wake ulijulikana mji mzima kwa kutokosa la kusema, akatazama chini.

"Hiyo bado haijavaliwa, Mfalme."

"Ni ya nani?"

"Ni ndefu. Ilibidi nifungue jora jipya. Katika nchi hii mtu wa kuijaza ni mmoja."

Macho ya baraza yakaanza kumpanda Mfalme, kuanzia miguuni, yakapanda, yakapanda, mpaka yakafika kilembani.

"Aliyeinunua ni nani?"

"Kwa hilo, Mfalme, bora uninyonge."

"Mimi."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Malkia Mwanamkasi akajitokeza, akasimama mbele ya mumewe.

Mfalme akashika jambia. "Sasa nimejua kwa nini chai yangu siku hizi ni chungu."

"Ni chungu kwa sababu nimeitoa sukari, mume wangu."

"Unaningoja nife."

"Kila asubuhi nakuuliza umeamkaje, unasema salama. Na mtungi umeukausha, na chooni umeshinda. Kidonda chako hakijafunga tangu mavuno, kinanuka hata paka wa jikoni anakufuata. Nikitaja tabibu, unasema atakutilia sumu. Ulimi wako unasema salama, mguu wako unasema sanda. Nikauamini mguu."

Mfalme akamtazama mkewe, akatafuta uongo usoni mwake kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Hakuuona. Akauachia mpini wa jambia, akakaa.

Hapo Masudi, na mnyororo wake, akainama kwa adabu zote.

"Na wewe Mfalme, hujambo?"

"Sija..." Neno likamkwama kama mwiba wa samaki. Akalimeza, akaanza upya. "Sijambo, Masudi. Ila mguu siusikii."

Hiyo ndiyo "ila" ya kwanza kusemwa katika jumba lile.

Tabibu akaitwa, akasema ni ugonjwa wa sukari. Mfalme akamfanya aonje kila dawa kwanza, mazoea hayaachi mtu, lakini akainywa. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Tabibu akamwambia angechelewa kidogo ungekwenda mguu wote, na angechelewa zaidi, kazi ingekuwa ya Masudi.

Masudi akafunguliwa. Watu wa Waziri wakapewa amri mpya: wakishajibiwa hatujambo, waombe maji, wakae kitako, wasiinuke mpaka waisikie "ila".

Mwaka ule Waziri alirudi jasho linamtiririka.

"Mfalme, nchi inaumwa. Kila mtaa una watu wenye kiu kama yako na vidonda kama chako."

"Ah," Mfalme akasema. "Hapo nakuamini."

Halua ya kila asubuhi, ambayo jumba liliianza na mji mzima ukaiiga, ikarudishwa kuwa ya sikukuu. Kila mtaa ukapata tabibu. Baada ya muda Masudi alikuja kulalamika kuwa duka limelala, bora angenyongwa tu. Akaambiwa auze nguo za harusi.

Na ile sanda ndefu? Malkia aliikata mapazia ya nyumba ya wagonjwa. Ilitosha madirisha yote, ikabaki.

Funzo: "Sijambo" ni adabu, si afya. Ukimsalimia mwenzako, ngojea "ila" yake. Na ukisalimiwa, usiifiche yako mpaka wanaokupenda wakaipime kwa bafta.